Gari la Mtumba na Masale ya Mzee Aloisi

Asifiwe Mungu aliyeniamsha leo, nikafungua mlango nikaona umande ukidondoka kutoka kwenye migomba, na magoti yangu yakakubali kunifikisha kanisani na kunirudisha. Si kwa wema wangu. Wengi niliocheza nao utotoni hawakufika umri huu, na mimi mwenyewe, mwanangu, ilibaki kidogo sana nisifike. Kama ningekuwa nimekufa peke yangu, hilo lingekuwa jambo dogo. Lakini sikuwa peke yangu ndani ya gari lile. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Nimesikia vijana wengi wa huku kwetu sasa mnanunua magari ya juu yaliyokwisha kutumika, na mnayapandisha mlimani kwa furaha. Furahini. Ila kaa kidogo unisikilize, maana aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka, na mimi bado nashtuka.

Nakumbuka siku moja ya Desemba, nikiwa na miaka thelathini na moja, nilipokwenda kwetu Kilema, mlimani Kilimanjaro, kumchukua mke wangu aliyekuwa ametoka uzazi.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini Moshi, na Jumapili nilifundisha watoto katekisimu. Mke wangu Paskalina alikuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza, Anjela, na kwa desturi yetu alipandishwa mlimani kwa mama yangu akatunzwe. Huko kwetu mzazi, yaani mama aliyejifungua, hashiki jembe wala hachoti maji kwa miezi mitatu. Analishwa mtori wa ndizi na nyama, maziwa na mafuta ya kondoo, anaongezeka mwili, na siku ya kutoka anashuka kwa heshima, akiwa amebebeshwa vitu ambavyo hata punda wawili wangelalamika.

Mwezi huohuo nilikuwa nimepata gari. Nililinunua kwa mfanyabiashara mmoja wa Kwa Sadala. Lilikuwa gari la juu, jeupe, la gia za otomatiki, linaloweza kuvuta kwa magurudumu yote manne. Lilitoka ng'ambo likiwa limetumika, naye akalitumia kidogo, kisha likakaa nyuma ya ghala lake la mahindi karibu miaka miwili. Nilipomuuliza kwa nini halikutembea, alipiga boneti kwa kiganja akaniambia, "Mwalimu, gari hili halijachoka. Limepumzika."

Neno hilo lilinipendeza. Nililirudia kwa wenzangu shuleni, nikalirudia kwa mke wangu kwa simu. Jumapili iliyofuata padre alilibariki baada ya Misa. Maji ya baraka yalipoanguka kwenye kioo cha mbele nilikataa kuyafuta, nikaendesha nayo hadi nyumbani yakakauka yenyewe. Siicheki baraka ile leo wala sikuicheka siku ile. Ninachokicheka, mwanangu, na tena kwa machozi, ni kile nilichofanya baadaye.

Nilikwenda kwa fundi kwa sababu redio haikulia.

Fundi mwenyewe alikuwa Mzee Shabani wa Majengo, mtu mnene, mpole, mwenye kofia iliyolowa oili kuliko nguo zake. Nilimkuta amekaa juu ya tairi anakunywa chai.

"Shikamoo, Mzee Shabani."

"Marahaba, mwalimu. Ndilo hili? Mashallah. Limeng'aa kama bibi harusi."

"Redio tu ndiyo haisemi."

"Tutaisemesha. Kwanza tumsikilize bibi harusi mwenyewe." Akafungua boneti. Akatazama mikanda, akaibonyeza kwa kidole, akatikisa kichwa. Akachomoa kijiti cha oili, akanusa. Kisha akafungua kifuniko cha kile kichupa kidogo cha mafuta ya breki, akachovya ncha ya kidole, akakiinua mbele ya uso wangu. Kilikuwa cheusi.

"Mwalimu, hii nini?"

"Si mafuta ya breki?"

"Hii kahawa. Ya kwenu huko Kilema, iliyokaangwa ikaungua." Akajifuta kwenye suruali. "Mafuta haya yakikaa muda mrefu yanakunywa maji kutoka hewani. Maji yakipata moto yanachemka, na yakichemka huna breki. Niachie siku mbili. Nifungue magurudumu yote manne, nibadilishe haya, nitazame na hendibreki."

"Jumamosi ninamshusha mzazi."

"Mshushe kwa basi."

"Mama yangu asikie mkwe wake ameshuka kwa basi na mwanawe ana gari? Mzee, utanigombanisha na ukoo mzima."

"Afadhali asikie hilo kuliko kusikia jingine."

Niliudhika. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu anayefunga mjadala, kwamba gari limekwisha kubarikiwa. Mzee Shabani hakukasirika. Alirudisha kile kifuniko taratibu, akakikaza.

"Padre amebariki, na mimi naitikia amina. Hata sisi tunasema bismillahi, mwalimu. Halafu tunakaza nati."

Nilimwahidi nitarudi baada ya sikukuu. Alinibadilishia oili ya injini kwa kuwa nilimruhusu hiyo tu, akanitengenezea redio. Nikapita dukani nikanunua vitambaa vipya vya viti. Ndiyo, mwanangu: vitambaa. Mtu huchagua anachotaka kukiona, na breki hazionekani.

Jumamosi asubuhi nilipanda. Gari lilipanda vizuri mno. Ile barabara yetu ya udongo, yenye mfongo, mfereji wetu wa maji, upande mmoja na korongo upande wa pili, liliimeza kama si kitu. Karibu nusu ya njia kuna kona kali inayokunja kushoto ukiwa unashuka, na ng'ambo ya kona hiyo korongo linaanguka moja kwa moja hadi mtoni. Hapo ndipo ulipokuwa ukiishia mpaka wa kihamba, shamba la migomba la urithi, cha Mzee Aloisi. Sisi sote hupanda masale, ile mimea ya majani marefu ya kijani, mpakani, safu moja, ili kila mtu ajue pa kukomea. Mzee Aloisi alikuwa amepanda safu nne, zimebanana, juu ya tuta la udongo lililofika kiunoni, tena upande wa korongo ambako hakukuwa na jirani wa kugombana naye. Watu walimcheka. Walisema mzee anaweka mpaka kati yake na hewa.

Siku hiyo alikuwa anapalilia masale yake. Nilisimamisha gari ili alione, nisikufiche, nikamwita meku, yaani mzee, kwa heshima ya kwetu.

"Shikamoo, meku."

"Marahaba. Mtoto wa nani wewe? Ahaa, mwalimu. Umepata gari."

"Tunamshukuru Mungu."

"Umelipima kushuka?"

"Unaona mwenyewe linavyopanda, meku. Kama swala."

Aliegemea jembe lake. "Kupanda hata punda anapanda. Nimekuuliza kushuka."

Mzee huyu alikuwa dereva wa lori la kahawa enzi za ujana wake, na mimi nilijua. Lakini nilimwona amevaa viatu vilivyokatwa kutoka kwenye tairi, na jembe mkononi, nikaona anayajua magari ya zamani tu. Nikacheka kidogo, kwa adabu, nikaondoka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo nilikuwa nimewafundisha darasa la nne wiki chache tu kabla ya hapo.

Nyumbani tulikula, tukaimba, tukaomba. Mama alimpaka Anjela mafuta usoni hadi akang'aa. Kisha mizigo ikaanza kutoka. Mikungu mitano ya ndizi. Gunia la viazi vikuu. Debe la mafuta ya kondoo, galoni mbili za maziwa, kapu la maparachichi. Nilipodhani wamemaliza, binamu yangu akatokea na kondoo dume aliyefungwa miguu, akamwingiza nyuma. Mzazi hashuki mikono mitupu. Kukataa hata kitu kimoja ni kumwambia aliyekitoa kwamba mkono wake ni mfupi. Niliona matairi ya nyuma yamebonyea, nikafunga mlango. Mama akasema, "Na mimi nashuka nanyi. Nataka nimwone mjukuu wangu akilala kwenye kitanda chake siku ya kwanza." Akaketi nyuma na Paskalina, Anjela akiwa mapajani mwa mama yake amefungwa kwa kitenge. Hakuna aliyefunga mkanda. Ile mikanda ilikuwa imefunikwa na vitambaa vyangu vipya.

Tulianza kushuka kama saa tisa mchana.

Sasa sikia kosa langu la pili, maana kosa halitembei bila mwenzake. Madereva wengi wa kwetu walikuwa na mazoea: wakishika mteremko wanaweka nyutro, gari linajiendea kwa uzito wake, nao wanajisifu kwamba mlima unawapa safari ya bure. Niliwahi kupanda magari yao na kuwaona, na nilitaka kuonekana mzoefu kama wao. Nikaweka nyutro. Redio ya Mzee Shabani ilikuwa inaimba nyimbo za Noeli. Kila gari lilipokimbia nilikanyaga breki, likapungua, nikaachia, likakimbia, nikakanyaga tena.

Wa kwanza kujua alikuwa Mama. "Kuna nywele zinaungua?" aliuliza.

Nami niliisikia harufu ile. Nikadhani ni moto wa mtu shambani. Nikakanyaga tena, na pedali ikawa laini chini ya mguu wangu, kama mtu aliyekanyaga ndizi mbivu. Gari lilipungua kidogo tu. Nikakanyaga mara nyingine. Safari hii mguu ulikwenda hadi chini kabisa, ukagusa bati la sakafu, na gari halikunijibu.

Mwanangu, nimezika wazazi wangu wote wawili. Nimelala hospitalini nikiwa nimekatiwa tamaa. Lakini hofu ya pale sijawahi kuikuta tena. Haikuwa kelele. Ilikuwa baridi iliyoanzia miguuni ikapanda hadi mdomoni, mdomo ukakauka, na macho yangu yakaanza kuona vitu vyote kwa usafi wa ajabu: jani moja moja la mgomba, jiwe moja moja barabarani. Mbele yangu walikuwa wanawake wanne wanapandisha kutoka sokoni na vikapu kichwani. Nilipiga honi bila kuinua mkono. Waliruka mfongoni, kapu moja likaanguka, nikapita pale walipokuwa wamesimama.

Nyuma hapakuwa na kilio. Paskalina alisema neno moja tu, kwa sauti ndogo: "Baba Anjela." Hakuniuliza kitu. Mama alikuwa ameanza Salamu Maria kwa Kichagga, na alikuwa anaisema taratibu, kama anayemwimbia mtoto alale.

Nilipovuta hendibreki ilipanda hadi mwisho bila kushika kitu, kama mpini wa jembe uliolegea. Hapo nikaikumbuka gia. Nilishusha ule mkono wa gia kutoka nyutro, nikauteremsha hadi gia ya chini kabisa. Injini ililia kilio ambacho sijakisahau, gari likashtuka, vichwa vyetu vikaenda mbele, na mwendo ukaanza kupungua. Ulipungua, lakini kona ilikuwa imefika. Niliona sitaweza kuikata. Upande wa kushoto ukuta wa udongo na mfongo. Mbele, kijani cha masale ya Mzee Aloisi, na nyuma ya kijani kile, anga tupu.

Sikuchagua. Ningependa kukuambia nilichagua, lakini gari ndilo lililokwenda. Lilipanda tuta, likavunja safu ya kwanza, ya pili, majani yakajaa kwenye kioo kukawa giza, kitu kikakwaruza chini, likainamia mbele. Kisha likasimama.

Redio ilikuwa bado inaimba. Niliizima. Nikasikia mto, mbali chini yetu. Nikasikia kondoo akipumua. Mama alikuwa amekatisha sala katikati. Na Anjela alikuwa kimya.

Sikugeuka. Nilishika usukani nikatazama majani, kwa sababu niliogopa kuona. Sijui ni muda gani ulipita. Labda ni pumzi tatu. Kisha mtoto akalia, kwa nguvu, kwa hasira ya mtu aliyeamshwa vibaya, na Mama akasema, "Aika Ruwa." Asante Mungu. Hapo ndipo nilipogeuka.

Tulitokea mlango wa nyuma, juu ya ndizi na viazi. Paskalina alikuwa amechanika paji la uso, Mama ameumia bega. Anjela hakuwa na alama. Nilipozunguka mbele niliona gurudumu moja liko hewani. Safu tatu zilikuwa zimelala. Safu ya nne, pamoja na kisiki cha mbuni wa kahawa kilichokuwa katikati yake, ndiyo iliyokuwa imeshika gari kifuani.

Watu walikusanyika. Na unajua watu wetu. "Hili limetazamwa," alisema mmoja. "Gari jeupe namna hii, unaliegesha barabarani kila mtu alione?" Hata Mama, na bega lake linamuuma, alisema, "Ni wivu wa watu, mwanangu. Nilijua." Nami, mwalimu wa katekisimu, nilianza kutafuta moyoni ni nani aliyenitazama vibaya. Ilikuwa rahisi kuliko kukumbuka kidole cheusi cha Mzee Shabani.

Mzee Aloisi alikuja bila haraka. Kwanza alimpa Paskalina maji na kiti. Kisha akanusa magurudumu, akasema mtu asiguse chochote. Vijana walilivuta gari kwa kamba hadi barabarani. Wakaweka mawe chini ya matairi, nasi tukakaa karibu saa nzima. Halafu akaniambia, "Ingia. Kanyaga breki."

Nilikanyaga. Mwanangu, pedali ilikuwa ngumu, imara, juu kabisa. Breki zilikuwa zimerudi kana kwamba hazikuwahi kuondoka.

Watu waliguna. "Mmeona? Mmeona wenyewe? Wachawi wameondoka!"

"Kimeondoka kilichochemka," alisema Mzee Aloisi. "Kimepoa. Mnampa shetani kazi ambayo hakuiomba." Akanigeukia. "Hicho ndicho cha kuogopa, mwalimu. Ungefika mjini salama leo, ukaja kwangu kesho na kuniambia breki zako nzima. Mdogo wangu Felisi alikuwa utingo wangu. Tulishuka hapa na kahawa, breki zikalegea asubuhi, zikarudi. Nikasema ni kitu kidogo. Mchana hazikurudi. Mimi nilirushwa nje, yeye alikwenda na lori." Alinyoosha mkono kuelekea korongoni, hakutazama. "Nilipata miaka ya kufikiri. Nikapanda masale."

Wale waliokuwa wakimcheka kwa kuweka mpaka kati yake na hewa walitazama chini.

Unajua maana ya isale, moja katika masale, huku kwetu. Mtu akikukosea, hata kwa damu, akaja kwako na jani la isale, humkatalii msamaha. Niliinama nikaokota jani moja katika yale niliyoyavunja, nikampa kwa mikono miwili. Nilikuwa nimeharibu kumbukumbu ya ndugu yake. Alilipokea, akalifuta udongo kwa kidole gumba.

"Mimi nimekusamehe," alisema. "Nilikusamehe mtoto alipolia. Lakini sikiliza, mwalimu. Mlima haupokei isale."

Mama alitaka kumwachia kondoo. Mzee alimkataa, akasema kondoo wa mzazi haliwi na mwanaume. Alitaka nirudi tu na jembe, na wiki iliyofuata nilirudi, tukapanda safu tatu pamoja. Paskalina na Mama walishuka siku ile kwa basi, na ukoo haukugombana na mtu.

Mzee Shabani hakunicheka gari lilipovutwa hadi kwake. Afadhali angenicheka. Alifungua magurudumu, akayakamua yale mafuta meusi kwenye chupa ya soda, akaiweka mbele yangu mezani, akaenda kuswali. Aliniacha nayo. Aliporudi nilikuwa nimelia vya kutosha, akanifundisha. Ninayokuambia sasa mengi ni yake, na mengine nimeyajifunza kwa miaka mingi ya kushuka.

Mwanangu, ukinunua gari lililotumika, usianze na redio wala vitambaa. Gari lililosimama muda mrefu halijapumzika. Limezeeka likiwa limefumba macho. Kabla hujamlipa mwenyewe, linganisha namba ya chasisi na kadi, na umlete fundi wako, si wake. Ukishalipata, lihesabu kwamba hakuna aliyewahi kulihudumia, hata muuzaji akiapa. Badilisha mafuta ya breki yote, hata kama yanaonekana safi, na uyabadilishe tena kila baada ya miaka miwili. Fungua magurudumu uone pedi na diski. Jaribu hendibreki mahali pa mteremko mdogo, na uwe na jiwe la kuwekea tairi. Badilisha oili ya injini, na usisahau ile ya gia boksi na ya difu inayogawa nguvu kwa magurudumu, maana gari la magurudumu manne lina matumbo mengi na kila tumbo lina njaa yake. Mkanda wa injini usioujua umri wake ubadilishe. Ukikatika hautakutumia barua. Maji ya rejeta yasiwe ya bombani tu, tia yale yenye dawa, na uangalie mipira yake kama imepasuka. Tairi usitazame meno tu. Tairi linaweza kuwa na meno mazuri na likawa limekauka kwa uzee, na umri wake umeandikwa ubavuni, mwambie fundi akuonyeshe. La akiba nalo lina upepo? Usukani ukicheza, au ukisikia kugonga chini unapopita kwenye mashimo, usiongeze sauti ya redio. Baada ya matope ya masika, osha gari tumboni, ndipo utaona kinachovuja. Na kila Jumamosi, injini ikiwa baridi, fungua boneti utazame oili, maji na breki. Ni dakika chache. Rozari inachukua muda mrefu zaidi, na zote mbili zina nafasi yake.

Mikanda ifungwe na kila mtu, na mtoto awe na kiti chake. Mikono ya mama ina upendo, lakini haina nguvu ya kushinda mlima. Mzigo ukizidi, kataa. Utaonekana una kiburi kwa siku moja. Na unaposhuka, shuka kwa gia nzito, usiweke nyutro hata kama njia ni nyoofu na wenzako wanakucheka. Pedali ikilegea mara moja, hata ikirudi, simama. Hasa ikirudi.

Ombea gari lako, lipeleke kwa padre, kwa mchungaji, kwa shehe. Nami naliombea langu kila asubuhi. Lakini kumwomba Mungu akulinde huku umekataa kufungua kifuniko si imani. Ni kumjaribu. Alitupa maombi na akatupa bisibisi, na sijaona mahali alipotuambia tuchague kimoja.

Mzee Aloisi amelala sasa kaburini, na masale yake yamefunga tena, safu nne. Mama alifariki kitandani mwake kwa uzee, jambo ambalo namshukuru Mungu kwalo kila jioni. Na Anjela, yule aliyelia, mwezi uliopita alinunua gari la juu, lililotumika, jeupe. Aliponipigia simu kusema anakuja kunionyesha, nilifurahi kwa mdomo. Mwili wangu ulikwenda kusimama kwenye kona ile, nimeshika jani la isale, nikisikiliza injini ikipanda kutoka mbali, na ile baridi ya miguuni ikarudi kama jana.

Alisimama, akashuka, akaniamkia. "Shikamoo, Baba. Mbona umesimama huku barabarani?"

"Marahaba, mwanangu. Umelipima kushuka?"

Alifungua mlango wa nyuma, akanionyesha chupa ya soda yenye mafuta meusi, imefungwa vizuri. "Fundi alitaka kuimwaga. Nikamwambia Baba yangu atataka kuiona kwanza."

Nililiweka lile jani chini, penye masale. Halikuwa na kazi siku hiyo.

Basi nawe unayesoma, Mungu akupe gari zuri na akili ya kulichunguza. Akupe fundi anayesema kweli na sikio la kumsikia. Akuoneshe ubovu ukiwa bado umesimama tambarare. Uendapo kwa wazazi wako akupandishe kwa furaha, na utakapogeuza kurudi, pamoja na wote uliowabeba, akushushe taratibu, hadi chini, hadi nyumbani. Amina.